Elimu ni ya Nani? Funzo Kutoka Majaruba ya Java

Wahenga walinena kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Maneno haya twayajua tangu utotoni, twayaandika katika kuta za madarasa yetu, na mara nyingi twayasahau punde tutokapo nje ya lango la shule. Leo twawaomba ndugu wasomaji, wanachama na wafanyakazi, wafuatane nasi hadi Indonesia, nchi ya visiwa zaidi ya 17,000, ambayo upande wake mmoja unapigwa na mawimbi ya bahari ile ile ya Hindi inayopiga pwani yetu. Twataka waone jinsi wataalamu wa viumbe na wakulima wa mpunga wa nchi hiyo walivyoijaribu methali hii kwa vitendo. Hatuendi kutembea tu. Twaenda kwa sababu jambo walilolianzisha wao limekwisha kufika kwetu, nalo lina jina la Kiswahili ambalo wengi wenu mwalijua: shamba darasa.

Tuanzie mji wa Bogor, kusini ya Jakarta. Huko iko bustani ya mimea yenye sifa duniani kote, iliyoanzishwa tarehe 18 Mei 1817 chini ya mtaalamu C. G. C. Reinwardt, na ambayo kwa zaidi ya karne moja ilikuwa mikononi mwa serikali ya kikoloni ya Uholanzi. Wataalamu waliofanya kazi humo walikuwa hodari, wala hatuwezi kuwanyima haki yao. Lakini yatupasa kuuliza walikuwa hodari kwa faida ya nani. Mwaka 1848 miche minne ya michikichi, mti ambao asili yake ni bara letu la Afrika, ilipandwa katika bustani hiyo. Na kutokana na miche hiyo minne yakazaliwa mashamba makubwa ya Sumatra na Malaya. Mkwinini nao ulitunzwa na kuchunguzwa Java hata, kabla ya Vita Vikuu vya Pili, kisiwa hicho kikawa kinatoa sehemu kubwa mno ya kwinini yote iliyouzwa duniani. Na katika karne hiyo hiyo ya 19, kuanzia mwaka 1830, mkulima wa Java alilazimishwa kutoa sehemu ya ardhi yake na nguvu zake kulima kahawa, miwa na nili kwa ajili ya soko la Ulaya.

Mwaka 1894 iliongezwa hapo Bogor maabara ya kuchunguza wanyama na wadudu wanaodhuru mazao, ambayo baadaye ilikua ikawa makumbusho makubwa ya wanyama. Wadudu wakapewa majina ya Kilatini, wakachomwa sindano, wakapangwa safu kwa safu katika visanduku. Kazi hiyo ilikuwa na thamani, na wataalamu wa leo bado waitumia. Lakini mkulima aliyekuwa akiishi na wadudu hao, aliyewaona wakila jasho lake kila msimu, hakuvifungua visanduku hivyo. Mkulima alikuwa mkono. Kichwa kilikuwa Bogor. Na faida ilikwenda Amsterdam.

Indonesia ilijitangazia uhuru tarehe 17 Agosti 1945, na Uholanzi ikaukubali mwishoni mwa 1949 baada ya vita na mazungumzo mengi. Rais Sukarno alifahamu kwamba bendera peke yake haishibishi. Mwezi wa Aprili 1952, alipoweka jiwe la msingi la jengo la kitivo cha kilimo mjini Bogor, aliwaambia wasikilizaji wake kwamba chakula cha watu ni jambo la uhai au mauti ya taifa. Kutokana na kitivo hicho na kile cha utabibu wa mifugo kilizaliwa Chuo cha Kilimo cha Bogor mwaka 1963. Na mwaka 1968 nchi za Asia ya Kusini-Mashariki zikaanzisha mjini humo kituo cha pamoja cha biolojia ya nchi za joto, kiitwacho BIOTROP.

Mwanzo ulikuwa mwema. Katika msimu wa 1963 na 1964 walimu na wanafunzi wa Chuo cha Bogor walikwenda Karawang, Java Magharibi, kukaa na wakulima vijijini, ili waone kama mbegu bora, mbolea, na maji yaliyopangwa vizuri vingeongeza mavuno. Mavuno yaliongezeka. Mwanafunzi alijifunza kwa mkulima, na mkulima kwa mwanafunzi. Lakini jambo jema likichukuliwa kwa pupa laweza kugeuka. Serikali ilipoueneza mpango ule katika nchi nzima, wanafunzi waliokaa na wakulima walitoweka, likabaki furushi: mbegu, mbolea, mkopo na sumu ya kuua wadudu, pamoja na amri ya kulitumia. Kati ya 1968 na 1970 makampuni ya kigeni yalipewa mikataba, na ndege zikapita juu ya mashamba zikinyunyiza sumu. Mkulima aliye chini hakuulizwa kama shamba lake lina wadudu au halina.

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Nchi ilikuwa na njaa, na katika miaka ya 1970 Indonesia ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa wa mchele wa kigeni duniani. Mbegu mpya zilizotoka katika kituo cha utafiti wa mpunga cha Ufilipino zilizaa sana, na mwaka 1984 nchi ikatangaza kwamba inajitosheleza kwa mchele. Hilo halikuwa jambo dogo. Lakini ndani ya ushindi ule mlikuwa na adui, naye aliletwa na dawa yenyewe.

Adui huyo ni mdudu mdogo wa rangi ya kahawia, asiyezidi punje ya mchele kwa ukubwa, ambaye watu wa huko humwita wereng. Hukaa chini ya shina, karibu na maji, akifyonza utomvu wa mpunga. Wakiwa wachache hawana madhara makubwa. Wakiwa wengi, shamba la kijani hugeuka kahawia kwa muda wa siku chache, kana kwamba limepitiwa na moto. Katikati ya miaka ya 1970 mashamba mengi ya Java yaliangamia hivyo, na mchele wa kulisha mamilioni ya watu ukapotea. Wakubwa walisema dawa ya moto ni moto, wakazidisha sumu. Serikali ilibeba zaidi ya robo tatu ya bei ya sumu hiyo, na ruzuku ikapita dola milioni 100 kwa mwaka. Mbegu nyingine zenye kumstahimili mdudu huyo zikaletwa, zikafaa kwa misimu kadhaa, kisha mdudu akazizoea. Mwaka 1985 na 1986 wereng walirudi tena kwa kishindo, na sifa ya kujitosheleza kwa chakula ikawa hatarini.

Hapo ndipo elimu ya viumbe iliposema neno lake. Wataalamu wa Indonesia, miongoni mwao Ida Nyoman Oka na Kasumbogo Untung wa Chuo Kikuu cha Gadjah Mada mjini Yogyakarta, pamoja na Mmarekani Peter Kenmore aliyekuwa amefanya uchunguzi wake Ufilipino, walionyesha kwamba sumu haikuwa ikimshinda wereng, ilikuwa ikimzidisha. Mambo yenyewe yaeleweka kwa urahisi. Jike la wereng huyaficha mayai yake ndani ya ala ya jani, mahali ambapo sumu haifiki. Mnyunyizaji apitapo, huwaua wereng walio nje, lakini pia huwaua buibui wawindaji, na wadudu wanaokula mayai ya wereng, na wale wanaotembea juu ya maji wakiwadaka wanaoanguka. Siku chache baadaye mayai huanguliwa, na watoto wa wereng hutokea katika shamba lisilo na askari hata mmoja. Kwa muda wa kama mwezi mmoja kizazi kipya huwa tayari kutaga. Kwa hiyo mkulima alikuwa akilipa fedha kuwaua walinzi wake mwenyewe, na serikali ilikuwa ikimsaidia kulipa.

Tarehe 5 Novemba 1986 Rais Suharto alitia sahihi amri iliyokataza aina 57 za sumu zisitumike katika mpunga. Ruzuku ikapunguzwa hatua kwa hatua, na kufikia mwanzo wa 1989 ikawa imekwisha. Wafanyabiashara walilalamika, na wengine wakatabiri njaa. Njaa haikuja. Katika miaka iliyofuata matumizi ya sumu katika mpunga yalipungua kwa zaidi ya nusu, huku mavuno ya nchi yakizidi kupanda.

Basi je, amri ilitosha? La, haikutosha, na hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu ya leo. Amri yaweza kukataza chupa isiuzwe dukani; haiwezi kumwondolea mkulima hofu aonapo mdudu jani la mpunga wake. Mtu aliyefundishwa kwa miaka 20 kwamba kila mdudu ni adui atatafuta sumu hata usiku. Kwa sababu hiyo, kuanzia 1989, serikali ya Indonesia ikishirikiana na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ilifungua shule za namna mpya kabisa, zisizo na ukuta, paa wala ubao. Ziliitwa shule za shambani.

Wakulima kama 25 walikutana asubuhi moja kila juma kwa msimu mzima, tangu kupandikiza hadi kuvuna. Waliingia majarubani katika vikundi vidogo, wakachagua mashina kadhaa, wakahesabu wadudu, buibui, machipukizi na majani. Kisha walikaa kivulini na karatasi kubwa na kalamu za rangi, wakauchora mpunga jinsi walivyouona, adui upande mmoja na rafiki upande wa pili, wakabishana kama ipo haja ya kufanya jambo lo lote juma lile. Walikuwa na vipande viwili vya shamba: kimoja kililimwa kwa kufuata furushi la zamani, cha pili kwa kufuata uamuzi wao wenyewe. Mwisho wa msimu walivuna vyote viwili, wakapima, wakajionea.

Yafaa tueleze pia kazi ya mwalimu wa shule hizo, kwani inatusuta sisi sote tuliosomeshwa kwa kukariri. Sisi tuliopita shule za misheni twakumbuka jinsi tulivyoimba majina ya sehemu za ua, mmoja mmoja, pasipo kuling'oa ua hata moja tukalitazama. Katika shule za shambani, mkulima aliponyosha kidole na kuuliza, "Huyu ni mdudu gani?" mwalimu alikatazwa kumpa jina. Alitakiwa kumrudishia swali: umemkuta wapi? Alikuwa anafanya nini? Wadhani anakula nini? Kama hakuna aliyejua, walimtia mdudu yule pamoja na shina la mpunga katika ndoo iliyofunikwa kwa chandarua, na wadudu wengine wakatiwa humo, nao wakarudi kutazama. Buibui akionekana akimla wereng mbele ya macho ya mtu, hapana mchuuzi awezaye kumshawishi tena kwamba buibui ni adui. Vivyo hivyo waliyakata kwa mkasi majani ya mpunga mchanga, kama vile yameliwa na viwavi, wakaona kwamba mpunga ulichipua tena na mavuno hayakupungua kama walivyohofu.

Na wataalamu nao walijifunza. Uchunguzi uliofanyika katika mashamba ya Java na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba jaruba lenye maji na majani yanayooza hujaa wadudu wadogo wasiodhuru mazao tangu mwanzo wa msimu, nao huwa chakula cha buibui na wawindaji wengine kabla wereng hawajafika. Yaani jeshi la ulinzi hulishwa mapema na uchafu ambao mkulima alidhani hauna kazi. Jambo hilo halingeonekana katika visanduku vya makumbusho. Lilionekana kwa watu waliokubali kuvua viatu na kuingia matopeni.

Kufikia mwisho wa 1999 wakulima zaidi ya milioni moja wa Indonesia walikuwa wamepita katika shule hizo. Mwaka huo huo mpango wa namna hiyo ulianza katika Kenya, Uganda na Tanzania, nasi tukaupa jina letu. Mwaka 1955 wajumbe wa nchi 29 za Asia na Afrika walikutana Bandung, katika kisiwa hicho hicho cha Java, wakaahidiana kusaidiana kwa maarifa na ufundi. Ahadi za mikutano mikubwa ni nyingi, na nyingi hubaki karatasini. Lakini mama anayechunguza mahindi yake au mihogo yake pamoja na jirani zake, kwa njia iliyoanzia katika majaruba ya Java, ameipokea ahadi ile mkononi.

Pamoja na hayo, tusingekuwa waaminifu kwenu kama tungeeleza ushindi tu na kuficha udhaifu. Mkopo wa Benki ya Dunia uliosaidia kuendesha shule hizo Indonesia ulimalizika mwaka 1999, na shule nyingi zikapungua nguvu. Aina za sumu zilizoruhusiwa kuuzwa zikaongezeka. Mwaka 2004 wachumi wa Benki ya Dunia walichapisha uchunguzi uliosema kwamba hawakuona mabadiliko makubwa katika mavuno wala katika matumizi ya sumu, na kwamba maarifa hayakuenea kwa majirani wasiohudhuria. Wengine wameubishia uchunguzi huo. Lakini sehemu yake moja twaiona ni ya kweli tupu: jambo linalofunzwa kwa macho na mikono kwa msimu mzima haliwezi kuhamia kwa jirani kwa mazungumzo ya ukutani. Kati ya 2009 na 2011 wereng waliyashambulia tena mashamba ya Java, na mwaka 2017 wakarudi. Waliokuwa wamejifunza walizeeka, vijana wakamkuta mchuuzi wa sumu yuko tayari mlangoni, na bwana shamba hayupo.

Hata hivyo cheche haikuzimika. Katika wilaya ya Indramayu, pwani ya kaskazini ya Java, tangu 2009 wakulima wamekuwa wakishirikiana na Profesa Yunita Winarto wa Chuo Kikuu cha Indonesia, pamoja na mtaalamu wa hali ya hewa Kees Stigter, Mholanzi aliyefariki mwaka 2016, na ambaye miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wazee wa Java walikuwa na kalenda yao ya misimu, kama wazee wa pwani yetu walivyohesabu siku kutoka Nairuzi. Lakini mvua za siku hizi hazifuati tena hesabu za wazee. Basi kila mkulima alisimamisha chombo cha kupimia mvua shambani mwake. Kila asubuhi alikisoma, akaandika daftarini kiasi cha mvua, hali ya udongo, hali ya mpunga na wadudu aliowaona. Na kila mwezi walikutana na wataalamu kulinganisha madaftari. Sisi husema mali bila daftari hupotea bila habari. Wakulima wale wameonyesha kwamba hata mvua ni mali.

Liko jambo moja tena ambalo haliwezi kupita bila kutajwa. Majadiliano hayo yote hufanyika kwa lugha za wenyeji. Vijana wa Indonesia waliapa tarehe 28 Oktoba 1928 kuitukuza lugha moja ya umoja, lugha iliyotokana na Kimalai cha wafanyabiashara wa bandarini, nayo leo ndiyo inayotumika kufundishia katika vyuo vikuu vyao. Kwa hiyo profesa ashukapo majarubani hana haja ya mkalimani wa kumtafsiria elimu yake mwenyewe. Je, sisi wenye Kiswahili, lugha iliyozaliwa katika bandari na biashara kama ile, tuna udhuru gani? Ni uchunguzi mngapi uliofanywa katika mashamba yetu, juu ya migomba yetu na mikarafuu yetu, ambao mwenye shamba hajapata kuusoma kwa sababu uliandikwa kwa lugha asiyoijua?

Twasema haya kwa wafanyakazi wa mijini pia. Mchele uliomo katika chungu chako jioni ya leo umepita katika mikono ya mtu aliyelazimika kuamua kama atanyunyiza sumu au hatanyunyiza. Akiamua kwa hofu, wewe waila hofu yake. Mnyunyizaji mwenyewe, asiye na glovu wala kitambaa cha pua, ndiye wa kwanza kuumia, naye ni mfanyakazi mwenzako.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, yatupasa tujiulize katika matawi yetu: shamba darasa lililo karibu nasi lingali hai, au lilikufa siku gari la wafadhili lilipoondoka? Bwana shamba wetu anakuja kuuliza au anakuja kuamuru? Watoto wetu wanajua tofauti ya buibui na mdudu mharibifu kwa kuwatazama, au kwa kukariri? Na mtaalamu aliyeondoka na sampuli za udongo wetu mwaka juzi, amerudi kutueleza alichokiona? Haya si maswali ya kuachiwa wizara na vyuo peke yao. Wakulima wa Indramayu hawakungoja amri ya mtu ili wanunue daftari.

Elimu iliyofungiwa katika visanduku vya Bogor ilimtajirisha mwenye visanduku. Elimu iliyoshuka majarubani iliilinda nchi na njaa kwa miaka mingi, na ilipoachwa bila watu wa kuitunza, adui akarudi. Tusiache ya kwetu ifikie hapo. Tuanze msimu huu.